K Zilizosimama Kichwa Chini

— Toa mukono hapo, Anastasie!

Octave alipiga kelele toka mlangoni, kofia bado iko kichwani. Lakini alichelewa. Anastasie alikuwa ameshafunua kitambaa juu ya jiwe la kupangia, na macho yake yalikuwa yanatembea juu ya herufi za risasi, kutoka kuume kwenda kushoto, neno kwa neno.

— Nimekuambia toa mukono!

— Mukono nimetoa. Macho yameshafika mwisho.

— Wewe unaweza kusoma risasi ikiwa imefungwa hivi?

— Ulinifundisha mwenyewe, yaya Octave. Umesahau?

Ilikuwa siku ya posho, yaani jumamosi, mwaka wa hamsini na nne, saa sita mchana, katika imprimeri ya misheni kule Kasongo, nyumba ya kuchapia vitabu na gazeti. Mashini ilikuwa imenyamaza. Kazi ya Anastasie siku ile ilikuwa kuosha herufi kwa burashi na petroli, wala hakuna aliyemtuma kufunua vitambaa. Alisoma kwa sauti, polepole, kama anayeonja chumvi:

— «Matangazo ya ndoa. Kila mukristo ajue kwamba Octave, mukubwa wa wapangaji herufi katika imprimeri, na Anastasie, binti ya Antoine, watafunga ndoa katika kanisa letu kisha matangazo matatu.» Haya. Huyu Anastasie ni nani?

— Ni wewe.

— Ni nani alikuja kumuposa?

— Acha maneno mingi. Karatasi ishirini nimechapa toka alfajiri. Moja iko mulangoni kwa kanisa. Moja nimepeleka kwa baba yako, mukononi mwake.

— Padri amesema nini?

— Padri iko safarini vijijini, atarudi kisha siku kumi. Akirudi atakuta watu wote wanajua. Kilichochapwa hakifutwi, Anastasie.

— Na mimi umeniuliza siku gani?

Octave alivua kofia, akaiweka juu ya mashini. Alikuwa mtu wa miaka thelathini, nguo safi, kucha safi hata katika kazi ya wino, na alikuwa amezoea kusikilizwa.

— Miaka miwili nimekufundisha. Wanawake wa hapa wanakunja karatasi na kushona vitabu, basi. Mimi nilikutia herufi mukononi. Nilikuonyesha kupima mustari, kuacha nafasi pembeni ili jicho lipumzike, kuchagua herufi nene kwa kichwa cha habari na nyembamba kwa mwili. Mwanaume anamufundishia mwanamuke hivyo kwa nini, kama si kumuoa?

— Kumbe ulikuwa unanikopesha. Mimi nilifikiri unanifundisha.

— Anastasie…

— Kufundishwa si kuposwa, Octave.

Aliacha kumwita yaya, kaka mkubwa, na Octave alisikia.

— Unamufikiria yule muranda mbao. Bulaimu wa Kabambare. Sema basi.

— Ninamufikiria, ndiyo.

— Muislamu! Nani atakufungisha naye? Jina lake halitaingia katika kitabu cha kanisa hata siku moja.

— Jina lake limeshaingia pahali pengine.

Octave alicheka puani, akavaa kofia yake.

— Osha hizo herufi uzirudishe katika vijumba vya kasa. Na jumatatu uvae vizuri. Watu watakuja kutupa heri.

Alitoka. Anastasie alibaki na burashi mkononi. Lakini kuna kitu kingine alichokiona ndani ya ile risasi, akakimeza bila kumwambia Octave. Na hicho kitu lazima nikieleze vizuri, kwa sababu ndicho kilichobeba mambo yote.

Herufi za imprimeri zilitoka Ubelgiji, ndani ya masanduku, kila moja katika kijumba chake ndani ya kasa, lile sanduku pana la kupangia. Waliozituma walihesabu kwa Kifaransa. E zilijaa mpaka zinamwagika. Lakini Kifaransa hakina haja na k, na Kiswahili hakiwezi kutembea hatua tatu bila k. Ukipanga nusu ya ukurasa, kijumba cha k kiko kitupu. W walidanganya kwa kuunganisha v mbili. K haina wa kuidanganyia. Gazeti la misheni lilikuwa linachapwa nusu, herufi zinaoshwa, halafu nusu nyingine.

Anastasie ndiye aliyekata k za mti. Bulaimu alimletea vipande vya mupera mkavu, akaviranda mpaka vikawa na kimo kimoja na risasi. Alikuwa anapima kwa herufi halisi, na akipitisha kidole juu huwezi kujua wapi risasi imeishia na wapi mti umeanza. Yeye Anastasie alikata sura kwa kisu kidogo, nyumbani, jioni baada ya kutwanga. Hakuiga tu k ya Wabelgiji. Ile ilikuwa na mkono mwembamba uliokuwa unapotea wino ukiwa mwingi. Yake aliipa mkono mnene na mguu uliokanyaga chini kama mwanamke aliyebeba mtungi. Alikata arobaini.

Ndipo akaona kosa lake. Kila herufi ina kifereji kidogo ubavuni. Mpangaji haangalii herufi. Kidole gumba kinapapasa kile kifereji, kinajua kichwa kiko wapi na miguu iko wapi. Anastasie, aliyekata kwa kukumbuka, alichimba kifereji upande wa pili. Arobaini zote. Kuchimba tena hakuwezekani, zingevunjika kiunoni. Basi akaziacha, akakata nyingine ishirini za mti wa mulimau, hizo na kifereji mahali pake. Sitini. Kisha miezi miwili wino ulikuwa umezifanya zote nyeusi, huwezi kuzitofautisha kwa macho. Kidole chake tu kilijua: mupera ni mzito na laini kama jiwe la mtoni, mulimau ni mwepesi na una nyuzi. Alipokuwa anashika mupera, aligeuza. Alipokuwa anashika mulimau, hakugeuza.

Octave hakujua jambo hili. Alikuwa anapanga mistari yake akiacha nafasi za k, na Anastasie anazijaza wakati wa chakula, Frère Zéphirin akiwa mezani. Frère, yaani bruda wa misheni na mkubwa wa imprimeri, aliamini kwamba k amezikata Octave. «Akijua ni kazi ya mwanamuke atazitupa motoni,» Octave alisema, na Anastasie alikubali.

Sasa, katika tangazo lile la ndoa, Octave alipanga peke yake. K zilikuwa zimechanganyika: nyingine zimesimama vizuri, nyingine kichwa chini, miguu juu kama mende aliyekufa. Na kwa haraka yake hakutoa hata karatasi moja ya kujaribia.

Anastasie aliosha herufi zote. Aliporudisha k katika kijumba chake, mkono wake ulipita kwenye kijumba cha q. Katika kasa ya Kiswahili q haina kazi, vumbi tu, na kasa iko karibu na dirisha, ndiyo sababu kijumba kile kilikuwa sanduku la barua la watu wawili. Kulikuwa na karatasi imekunjwa.

«Anastasie. Nimepita mulangoni kwa kanisa nikasoma. Nakupa heri. Randa na tupa nimeshafunga. Kesho jioni napanda kamyo ya mizigo inayokwenda Kabambare. Usijibu. Bulaimu.»

— Na wewe tena! — alisema peke yake, akafunga kitambaa kichwani, akatoka mbio.

*

Bulaimu alikuwa anafanya kazi barazani kwa mjomba wake Hemedi, karibu na soko. Alimkuta amekaa juu ya sanduku la vyombo, mabega chini. Hemedi, mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe, alikuwa anakunywa chai.

— Hodi.

— Karibu, binti Antoine, — Hemedi alijibu. — Huyu mupwa wangu toka asubuhi iko kama kuku wa mvua. Uchukue umukaushe.

Bulaimu hakuinua uso.

— Nilikuandikia usije.

— Uliandika nisijibu. Hukuandika nisije.

— Umekuja kunionyesha pete?

— Nimekuja kukuuliza. Ile karatasi umeisoma, au umeiona tu?

— Nimeisoma. Mara tatu. Anastasie binti ya Antoine. Wako wangapi Kasongo hii?

— Mara tatu! Na k hukuziona?

— K gani?

— Bulaimu. Ule mupera uliuranda kwa mikono yako. Ulikaa hapa juma nzima unapima na kupuliza vumbi. Halafu unasimama mbele ya karatasi, k zako zinasimama kwa vichwa, na wewe unalia jina langu?

Bulaimu aliinua macho. Alitazama mbali, kama mtu anayesoma tena kitu moyoni.

— Nilifikiri… nilifikiri ni machozi.

Hemedi alipaliwa na chai.

— Mimi ningezipanga vile? — Anastasie aliuliza.

— Hapana.

— Basi nani alipanga?

— Mutu asiyezijua.

— Mutu asiyezijua ameandika kwamba mimi ni wake. Na wewe umemuamini, ukafunga randa.

Bulaimu alisimama. Alikuwa mrefu, vumbi la mbao kwenye nyusi.

— Nisamehe.

— Nitakusamehe kesho. Leo nina hasira, usinipotezee. Kesho misa ikitoka, uje kanisani.

— Muislamu mulangoni kwa kanisa?

— Mulango uko nje. Nje ni ya watu wote.

— Watanifukuza, Anastasie.

— Watajaribu. Kamyo inaondoka jioni. Asubuhi huna kazi. Utakuja?

Hemedi aliweka kikombe chini.

— Atakuja. Na mimi nitakuja. Miaka yote hii sijaona mutu anatoka misa, nitaangalia kama uso wao unang'aa kweli.

*

Nyumbani, baba yake Antoine alikuwa amekaa kitini katikati ya uwanja, ile karatasi juu ya magoti. Alikuwa mkulima wa mpunga, hajui kusoma, lakini aliishika kwa mikono miwili. Mama yake, Sidonie, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu kuliko sombe inavyotaka.

— Kaa chini, — baba alisema. — Nimesikia kwa mwalimu wa katekisimu. Nimefurahi na sikufurahi. Kwa nini nimejua nyuma ya watu?

— Na mimi nimejua nyuma yako, baba.

— Unasema nini?

— Octave amejiposea mwenyewe. Sikumukubalia. Hakuniuliza.

— Karatasi inasema.

— Karatasi haina mudomo, baba. Ni mutu amesema ndani yake.

— Imechapwa! Si barua ya mukono hii. Imetoka katika mashini ya misheni, na Frère iko pale. Frère atachapa uongo?

Mama Sidonie aliacha mtwangio hewani.

— Antoine, mutu akipika uongo katika chungu cha padri, unageuka nyama?

— Wewe twanga.

— Ninatwanga. Lakini ninauliza.

Antoine alisugua ukingo wa karatasi kwa kidole.

— Sikiliza, mama yangu, — alimwambia binti yake. — Jina langu limebandikwa kwenye kanisa. Ukikataa bila sababu, nitakuwa mutu ambaye binti yake alimudanganya mukubwa wa imprimeri. Kesho Frère atakuwa pale. Ukionyesha mbele ya watu kwamba hii karatasi ni uongo, nitakuacha ufuate neno lako, hata likuelekeze Kabambare. Ninajua kuna Kabambare, usifikiri mimi ni kipofu. Usipoonyesha, utaolewa na Octave. Umesikia?

— Nimesikia. Na utashika neno lako?

— Mimi sikujifunza kuandika. Neno langu ndiyo karatasi yangu.

*

Misa, iliyosomwa na padri mgeni wa kupita, ilitoka saa nne. Watu walijaa mbele ya mlango, wengi wanampa Octave mkono. Suruali yake ilikuwa na mkunjo kama ukingo wa karatasi. Frère Zéphirin, Mbelgiji mnene mwenye miwani na ndevu za kijivu, alikuwa anasoma lile tangazo pua karibu na mlango, na uso wake ulikuwa umekunjana.

— Octave! Ni nani aliruhusu kazi hii?

— Frère, nilitaka kukufurahisha…

— Na ni nini hii? K hii miguu juu. Hii pia. Kazi chafu! Hukutoa karatasi ya kujaribia?

— Haraka, Frère. Haraka ya furaha.

Watu walicheka kidogo. Anastasie alipenya katikati yao.

— Si haraka, Frère. Alipanga k asizozijua.

— Asizozijua? Octave ndiye amezikata.

— Hapana. Nimezikata mimi.

Octave alicheka kwa sauti.

— Frère, huyu anakunja karatasi na kuosha herufi. Ana haya ya bibi arusi, anasema ovyo.

— Ati bibi arusi! — Anastasie alisema. — Frère, sikuposwa, sikukubali, sikuulizwa. Mutu aliyeiba herufi zangu ndiye anataka kuniiba na mimi. Fungua imprimeri. Tupange mustari mumoja, yeye na mimi, kwa k zile zile. Macho kwenye karatasi, kidole kwenye herufi, kama kazi ya kila siku.

— Leo ni siku ya Mungu, — Frère alisema.

— Uongo ulibandikwa kwa mulango wa Mungu, Frère. Ungengoja jumatatu?

Mtu mmoja nyuma alisema «eeeh!» Ilikuwa sauti ya mama Sidonie. Frère alitoa funguo mfukoni.

Imprimeri ilikuwa ndogo. Watu walisimama madirishani. Bulaimu na Hemedi walikuwa dirisha la upande wa soko, na hakuna aliyewafukuza, kila mtu alitaka kuona.

— Mustari gani? — Frère aliuliza.

— «Kikulacho kiko nguoni mwako,» — Anastasie alijibu.

Madirisha yalicheka. Octave alikaza taya. Alichukua komposteri, kile kijiti cha chuma cha kupangia, akaanza. Alikuwa na mkono mzuri, lazima niseme ukweli, mkono mwepesi kama wa mtu anayeokota mchele. Na sasa alikuwa ameonywa. Ameshasikia k zinaanguka miguu juu, basi kila aliposhika k aliigeuza. Zote tano. Alimaliza akamtazama Anastasie, akatabasamu.

Frère alipaka wino, akalaza karatasi, akakandamiza, akaibandua. Aliinyanyua kwenye mwanga.

— Tatu zimesimama, — alisema polepole. — Mbili kichwa chini.

— Haiwezekani! — Octave alisema. — Nimezigeuza zote!

— Kwa nini ulizigeuza?

— Kwa sababu… jana zilikuwa…

— Wewe ulizikata, Octave. Kifereji kiko upande gani?

Octave aliokota k moja, akaipapasa ubavu mmoja, kisha wa pili.

— Binti, — Frère alisema. — Njoo.

Anastasie alitoa zile tano, akazichanganya na nyingine katika kijumba, akachukua komposteri. Hakuangalia kasa. Alimtazama Octave usoni toka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Kidole chake kilishika, kikapima uzito, kikageuza. Kikashika, kikasikia nyuzi, kikaacha. Frère alikandamiza tena.

K tano, zimesimama, mguu chini kama wanawake watano wanatoka mtoni.

— Arobaini ni mupera, — Anastasie alisema. — Kifereji chake nilikosea, kiko upande wa pili. Ishirini ni mulimau, hizo niliweka sawa. Aliyekosea ndiye anajua kosa lake. Aliyeranda ule muti iko pale dirishani, muulize.

— Ni kweli, — Bulaimu alisema. — Niliranda mimi, kwa kumupa yeye.

Frère alimgeukia Octave, akazungumza Kifaransa, maneno mafupi. Octave alichukua kofia yake. Mlangoni alisimama mbele ya Anastasie.

— Nilikupa kazi.

— Ulinipa. Nilikushukuru kila siku. Shukrani haikukutosha.

Akatoka. Frère alikwenda mwenyewe kubandua lile tangazo. Antoine alilipokea, akalikunja mara nne, akalitia mfukoni.

Ungefikiri yameisha. Lakini Frère alirudi ndani, akavua miwani, akaifuta.

— Binti, kuanzia kesho utakaa kwenye kasa. Mupangaji. Nitakuagizia vitabu vya sura za herufi toka Ubelgiji. Wewe una jicho, haki ya Mungu. Ila ninataka neno moja. Yule wa dirishani, umuache. Imprimeri ya misheni haiwezi kuwa na muke wa Muislamu.

Anastasie alitazama kasa. Alitazama jiwe. Miaka miwili alikuwa anaota kukaa pale mbele ya watu, bila kujificha. Machozi yalimjia, akayaacha yamwagike, hakuyafuta.

— Frère, leo asubuhi mutu mumoja amesema kazi aliyonipa ndiyo bei yangu. Na wewe unasema hivyo hivyo.

— Si sawa!

— Nionyeshe tofauti.

Alitandaza kitambaa chake cha kichwa juu ya jiwe, akamimina k zote za mti, akafunga fundo.

— Unafanya nini?

— Herufi za Ubelgiji ni zenu. Hizi ni zangu.

— Na gazeti? Litatokaje?

— Lichapeni kwa Kifaransa.

*

Gazeti lilitoka lakini kwa matundu. Octave hakuwapo tena kupanga nusu kwa nusu kama zamani, basi Frère alijaribu kuacha nafasi nyeupe mahali pa k, watu wakawa wanalisoma sokoni kama mzee asiye na meno, na kucheka mpaka kukaa chini. Mara ya pili halikutoka kabisa.

Wakati ule Anastasie alikuwa Kabambare, kwa watu wa Bulaimu, na baba yake Antoine alikuwa amefuata kwa kamyo na mama Sidonie na kuku wanne. Alishika neno lake. Ndoa ingefungwa mbele ya shefu, mtawala wa kienyeji, kwa desturi. Mjomba Hemedi ndiye alikuwa anauliza maswali magumu.

— Binti, utasilimu?

— Hapana, mjomba.

— Bulaimu, utabatizwa?

— Hapana, mjomba.

— Basi mutakula nini nyumba moja?

— Wali na sombe, — Anastasie alijibu.

— Na siku ya nguruwe?

— Siku ya nguruwe nitakwenda kwa mama.

Mama Sidonie alipiga makofi. Hemedi alikubali kwa kichwa.

Siku yenyewe, watu wamekaa kwenye mikeka, pikipiki ya misheni iliingia uwanjani, imejaa matope. Frère Zéphirin alishuka, ndevu nyekundu kwa tope la njia.

— Nimekuja kwa ajili ya k, — alisema.

— Karibu, Frère. Kwanza kunywa maji.

Alikunywa vikombe viwili.

— Kasa inakungoja. Na jina lako chini ya gazeti: «Herufi k: Anastasie.» Nimesumbuana na Padri siku tatu. Lakini ndoa hii kuibariki siwezi.

— Kuibariki sikukuomba.

— Na mume wako…

— Mume wangu ataranda muti. Nina haja ya w sasa, nimechoka na v mbili.

Frère alitazama watu, akatazama kuku kwenye chungu, akakaa mkekani kwa taabu, magoti yanalia.

— W, — alisema. — Ndiyo. W ingefaa.

Shefu aliita. Bulaimu alipofika kando ya Anastasie alimtia kitu kiganjani, kidogo, kigumu.

— Ni nini?

— Nimekata moja. Mimi mwenyewe. Usicheke.

Anastasie alitazama. Ilikuwa k, mbaya, mbaya kabisa, mkono mfupi, mguu kama wa mbuzi.

— Ni mbaya sana, Bulaimu.

— Ninajua.

— Binti Antoine, — shefu aliuliza mbele ya watu wote, — huyu mwanaume unamutaka? Sema mwenyewe, kwa mudomo wako.

Anastasie alifumba kiganja. Kidole gumba kilitafuta ubavuni mwa ule mti, polepole, kikapata kifereji. Kilikuwa mahali pake.

— Ninamutaka, — alisema. — Na muandike kwamba nimeulizwa.